Muuza msamaha anayekiri hila zake: mahubiri yake dhidi ya tamaa yana thamani gani?

Msomaji wa Upanga

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Kikundi chetu cha kusoma hapa Dar es Salaam, chenye Waislamu na Wakristo, kimefika kwenye Hadithi za Canterbury za Geoffrey Chaucer, mshairi wa London aliyefariki mwaka 1400. Tumegawanyika vikali juu ya mhusika mmoja, hata kikao chetu cha mwisho kilivunjika bila kufikia uamuzi wowote.

Kwa wasiokisoma kitabu hicho, mahujaji wapatao 30 wanakutana katika nyumba ya wageni ya Tabard huko Southwark, kusini mwa mto Thames, wakielekea Canterbury kwenye kaburi la Thomas Becket, askofu mkuu aliyeuawa ndani ya kanisa lake mwenyewe mwaka 1170. Mwenye nyumba ya wageni anapendekeza kwamba kila mmoja asimulie hadithi njiani, na mshindi aandaliwe chakula cha jioni kwa gharama ya wenzake. Miongoni mwao yumo muuza msamaha, mtu anayezunguka parokia akiwa na barua zenye mihuri ya Papa pamoja na vitu anavyoviita masalia ya watakatifu: foronya anayodai kuwa ni shela ya Bikira Maria, kipande cha tanga la mashua ya Mtume Petro, na mifupa ya nguruwe ndani ya kioo.

Kabla ya kusimulia, mtu huyu anawaeleza wenzake waziwazi jinsi anavyofanya kazi. Mahubiri yake yote yana somo moja kutoka Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, kwamba shina moja la mabaya ya kila namna ni kupenda fedha, na analihubiri somo hilo ili wasikilizaji wafungue mifuko yao na kumpa yeye. Anasema atapokea hata kwa mjane aliye maskini kuliko wote kijijini, ijapokuwa watoto wa mjane huyo watakufa njaa. Kisha anasimulia habari za walevi watatu wa Flanders ambao, wakati wa tauni, wanaapa kuwa ndugu na kwenda kumtafuta Mauti ili wamuue, kwa kuwa amemchukua rafiki yao. Mzee mmoja anawaelekeza chini ya mwaloni, na huko wanakuta sarafu za dhahabu karibu busheli nane, kipimo kikubwa cha nafaka cha Kiingereza. Wanapiga kura, na aliye mdogo anatumwa mjini kununua mkate na divai. Wawili waliobaki wanapanga kumchoma visu atakaporudi, naye huko mjini ananunua sumu ya panya na kuitia katika chupa mbili kati ya tatu alizonunua. Wanamuua, wanakunywa divai yake, nao wanakufa.

Nusu ya kikundi chetu wanasema mahubiri yameharibika tangu yalipotoka katika kinywa hicho. Wengine wanasema ukweli ni ukweli hata ukisemwa na mwizi. Mimi nina swali la ziada: je, Chaucer anawashutumu watu hawa kwa tabia zao binafsi, au kwa nafasi walizopewa katika jamii yao?

Mwalimu Mstaafu, Temeke

Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu naamini ndilo linalofungua la kwanza.

Waingereza wa karne ile walifundishwa kwamba jamii ina makundi matatu: wanaosali, wanaopigana na wanaolima. Kila kundi lilikula kwa jasho la mengine na lilikuwa na deni kwa hayo mengine. Mkulima alitoa sehemu moja ya kumi ya mavuno yake kama zaka, naye alistahili kupata kwa hiyo mahubiri, sakramenti na mtu wa kumzika. Kwa hiyo mkulima mwenye tamaa alikuwa mtu mwenye tamaa basi, lakini mmonaki mwenye tamaa alikuwa anakula malipo ya kazi ambayo hakuifanya. Unafiki katika kitabu hiki unazaliwa hapo, pale ambapo nafasi ya mtu ni ahadi kwa watu wengine, naye anaendelea kuvaa joho la ahadi hiyo baada ya kuiacha.

Mtazameni mmonaki katika utangulizi. Anafuga farasi wazuri na mbwa wa kuwinda, mikono ya vazi lake imepambwa kwa manyoya ya thamani, na anapenda bata-maji wa kuchoma. Anasema kanuni ya maisha ya wamonaki ya Mtakatifu Benedikto ni ya zamani na ina ukali kupita kiasi, na msimulizi anaitikia kwamba maoni hayo ni mazuri. Mtazameni mama mkuu wa watawa anayelisha vijibwa vyake nyama ya kuchoma, maziwa na mkate mweupe, wakati ambapo maskini wengi walikula mkate wa nafaka duni. Mtawa wa shirika la ombaomba anavijua vilabu vya pombe vya kila mji kuliko anavyowajua wakoma, na hutoa kitubio chepesi mahali anapotarajia zawadi nono. Tarishi wa mahakama ya Kanisa, ambaye kazi yake ni kuwaita wazinzi mbele ya hakimu, humwachia mtu kukaa na hawara mwaka mzima kwa kipimo kimoja cha divai. Katika kila picha, kosa lile lile lingekuwa dogo kwa mtu mwenye kazi nyingine.

Ni lazima pia kukumbuka wakati wenyewe. Tauni iliingia Uingereza mwaka 1348 na kuua watu wengi mno, pengine theluthi hadi nusu ya wakazi. Vibarua wakawa adimu na ujira ukapanda, na sheria ya mwaka 1351 ikajaribu kuurudisha pale ulipokuwa kabla ya tauni. Mwaka 1363 ikatungwa sheria nyingine ya kuamua nani avae nguo gani, kwa kuwa mafundi na wafanyabiashara walikuwa wameanza kuvaa kama mabwana. Mwaka 1381 wakulima waliasi na kuingia London, baadhi yao kwa kupitia lango la Aldgate, na vyumba vya Chaucer vilikuwa juu ya lango hilo hilo. Mtu aliyeandika katika mazingira hayo hakuchunguza mavazi ya mahujaji kwa ajili ya mapambo. Alipotaja kwamba visu vya mafundi vilikuwa na fedha badala ya shaba, au kwamba mfanyabiashara alijibeba kwa heshima hata hakuna aliyejua kuwa ana madeni, alikuwa anaonyesha ngazi ambazo watu walikuwa wanazipanda na kuziteremka huku kila mmoja akitaka aonekane yuko pale pale.

Katika hadithi inayosimuliwa na yule mtawa ombaomba, tarishi mmoja anakutana njiani na shetani aliyevaa kijani, nao wanaapa kuwa ndugu. Wanamkuta mwendesha mkokoteni akiwalaani farasi wake waliokwama kwenye matope, awape shetani wote pamoja na mzigo. Tarishi anamhimiza mwenzake awachukue, lakini shetani anakataa, kwa kuwa laana ile haikutoka moyoni. Baadaye tarishi anamdai bibi mjane, mgonjwa na asiye na kosa, senti kumi na mbili kwa kumtishia mashtaka ya uongo. Bibi anamlaani yeye, na kikaango chake juu yake. Shetani anamuuliza bibi kama amekusudia anachosema, naye anajibu kwamba amekusudia, isipokuwa mtu yule atubu. Tarishi anakataa kutubu, na shetani anamchukua papo hapo. Mimi naiona hadithi hii kuwa na nguvu kuliko ile ya dhahabu, kwa sababu humo shetani anapima neno kwa nia ya msemaji, wakati ofisa wa Kanisa hajali kabisa kama maneno yana kitu ndani yake.

Karani wa Forodha, Kurasini

Mwalimu, shikamoo, na ahsante. Naomba niongeze jambo moja ambalo wasomaji wengi wa fasihi hulipita haraka, ingawa mtu wa makaratasi ya bandarini hawezi kulipita.

Chaucer alikuwa mtu wa forodha. Mwaka 1374 aliteuliwa kuwa mdhibiti wa ushuru wa sufu katika bandari ya London, na alishika kazi hiyo hadi mwaka 1386. Sufu ndiyo iliyokuwa bidhaa kuu ya Uingereza kwenda nje, na hazina ya mfalme ilitegemea sana ushuru wake. Waliokusanya ushuru huo walikuwa matajiri wa mji, akina Nicholas Brembre na John Philipot, wafanyabiashara ambao pia walimkopesha mfalme. Mdhibiti alitakiwa kuandika kwa mkono wake mwenyewe daftari la pili, ili hesabu za wakusanyaji zilinganishwe nalo. Tafakarini nafasi hiyo: mtu wa kawaida, mtoto wa mwuza divai, amewekwa kuwachunguza watu wenye uwezo kumpita mara nyingi, na analipwa pauni 10 kwa mwaka.

Sasa rudini kwa muuza msamaha. Anajisifu kwamba hila zake zimemwingizia maki 100 kwa mwaka. Maki moja ilikuwa theluthi mbili za pauni, kwa hiyo anazungumzia takriban pauni 66 na zaidi, yaani zaidi ya mara sita ya mshahara wa mdhibiti wa ushuru wa sufu. Aliyeiandika tarakimu hiyo alikuwa ameshika madaftari kwa miaka 12, na nina hakika aliipima kabla ya kuitia katika shairi.

Namna anavyozipata fedha hizo nayo imeelezwa kwa umakini wa mkaguzi. Ana mfupa wa bega la kondoo ambao, ukichovywa kisimani, eti maji yake yanaponya mifugo. Ana glavu ambayo mtu akiingiza mkono wake, nafaka yake eti itaongezeka, ilimradi atoe sadaka. Halafu linakuja lile tangazo ambalo kwangu ndilo kiini cha utapeli wote: anawaambia waumini kwamba kama yupo kati yao mtu aliyetenda dhambi ya kutisha asiyothubutu kuiungama kwa aibu, au mwanamke aliyemsaliti mumewe, huyo hana ruhusa ya kuja kutoa sadaka mbele ya masalia. Baada ya maneno hayo, nani atabaki amekaa kwenye kiti chake? Kila asiyeinuka amejishuhudia mbele ya jirani zake. Watu wanalipa ili waonekane hawana hatia, na mhubiri hana haja ya kumlazimisha yeyote.

Katekista, Magomeni

Ndugu Msomaji, kwanza tuweke sawa mafundisho, maana bila hayo tutamshutumu Chaucer kwa jambo ambalo hakulisema. Rehema, kwa mafundisho ya Kanisa Katoliki, haiondoi dhambi. Dhambi huondolewa kwa toba na maungamo. Rehema hupunguza adhabu ya muda inayobaki baada ya kosa kusamehewa. Papa Klementi wa Sita alifafanua mwaka 1343 kwamba Kanisa hutoa rehema kutoka katika hazina ya mastahili ya Kristo na watakatifu. Waliotumwa kukusanya sadaka kwa ajili ya hospitali na makanisa walibeba barua za rehema hizo, na wengi wao wakawa wanazungumza kana kwamba wanauza ondoleo la dhambi lenyewe. Malalamiko yalikuwa makubwa na ya muda mrefu ndani ya Kanisa lenyewe, hata Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ukaifuta kazi hiyo kabisa mwaka 1562. Kwa hiyo Chaucer hakulishambulia fundisho. Alionyesha jinsi linavyoharibika likipita mikononi mwa mtu anayeishi kwa asilimia ya makusanyo.

Juu ya swali lenu, Mtakatifu Augustino aliwajibu Wadonati, Wakristo waliojitenga huko Afrika Kaskazini, kwamba sakramenti haiharibiki kwa ubaya wa anayeitoa, kwa sababu mwenye sakramenti ni Kristo. Kanuni hiyo ingewaunga mkono wale wanakikundi wenu wanaosema ukweli ni ukweli, na Bwana mwenyewe alisema juu ya waandishi na Mafarisayo kwamba watu washike wanayoambiwa, "lakini kwa mfano wa matendo yao, msitende, maana wao hunena lakini hawatendi." Muuza msamaha analijua hili. Anasema kwamba ingawa yeye mwenyewe ana hatia ya tamaa, anaweza kuwafanya wengine waiache na kutubu kwa uchungu, ila hilo silo kusudi lake. Ukubalini ushahidi wake: wapo waliotubu kweli kwa sababu ya maneno yake, na toba yao ni halali. Kanuni ya Augustino inaiokoa toba ya msikilizaji. Haiokoi foronya, wala barua, wala fedha iliyolipwa, kwa maana hapo hapakuwa na sakramenti yoyote.

Jambo ambalo nimelitafakari zaidi ni maneno yake baada ya kumaliza hadithi. Anawaombea mahujaji wenzake kwamba Yesu Kristo, tabibu wa roho zetu, awajalie kupokea msamaha wake yeye Kristo, kwa kuwa huo ndio bora, na anaongeza kwamba hatawadanganya. Katika kitabu kizima hakuna mahali pengine ambapo mtu huyu anasema wazi kwamba bidhaa yake ni duni kuliko ile ya kweli. Mara tu baada ya sentensi hiyo anageuka na kuwakaribisha waje wapige magoti, watoe sarafu na wabusu masalia aliyokwisha kuwaambia kuwa ni ya uongo. Wako wasomaji wanaosema ni mazoea ya ulimi uliozoea kuhubiri, na wako wanaosema ni ujeuri. Mimi nasadiki kwamba kwa muda mfupi alisema kweli kutoka moyoni, kisha kazi yake ikamrudisha. Ni mtu anayekijua kisima, ana kiu, na ameketi mlangoni akiwatoza wapita njia.

Binti wa Ilala

Shikamooni wazee wangu. Mimi ni mwanafunzi wa fasihi, na kwa heshima naomba kutofautiana kidogo na Mwalimu. Maelezo yake juu ya nafasi na ahadi yanawafaa mahujaji vizuri, lakini wale walevi watatu hawana nafasi yoyote katika jamii. Hawasali, hawapigani, hawalimi. Hata majina hawana. Kitu pekee kinachowafunga ni kiapo walichokula wenyewe cha kuishi na kufa kila mmoja kwa ajili ya mwenzake, na dhahabu inakivunja kabla ya jua kuzama. Tazameni pia kwamba walitoka kwenda kumtafuta Mauti, na wanapoziona sarafu wanasahau kabisa walichokuwa wanakitafuta. Wazee wetu wana usemi wa "tamaa mbele, mauti nyuma", na hadithi hii inautimiza neno kwa neno, maana Mauti waliyemkimbilia mbele yao alikuwa ameshawazunguka kwa nyuma.

Nilipoisoma mara ya kwanza niliitambua, kwa sababu babu yangu alitusimulia mfano wake. Katika mapokeo ya Kiislamu, na Imamu al-Ghazali ameyaandika, yapo masimulizi ya Nabii Isa na mwenzake wa safari aliyekula mkate wa tatu kwa siri akakana, hata mwisho wake watu watatu wakauana kwa njia hiyo hiyo, mmoja kwa kushambuliwa na wawili kwa chakula chenye sumu, juu ya mali waliyoikuta. Wahindi nao wana mfano wake katika masimulizi ya kale ya maisha ya Buddha yaliyotangulia. Hadithi hii ilikuwa imetembea nchi nyingi kabla ya kufika Uingereza, nayo haikuhitaji kubuniwa upya. Kazi ya Chaucer ilikuwa kuchagua kinywa cha kuisema. Angeweza kumpa paroko maskini wa kwenye utangulizi, yule anayetembea kwa miguu kwenye mvua kuwaona wagonjwa, na ambaye hakuwakodisha kondoo wake kwa mtu mwingine ili akimbilie London kutafuta kazi nyepesi ya kusalia roho za matajiri. Wasikilizaji wangetikisa vichwa kwa kukubali na kuendelea na safari. Alimpa mtu tunayemchukia, ili tusiweze kuikubali hadithi bila kujiuliza tunaikubali kwa sababu gani.

Kwa wanakikundi wenzangu Waislamu, naona aya ya Suratus-Saff inalikamata jambo hili moja kwa moja: "Enyi mlioamini! Kwa nini mnasema msiyoyatenda?" Aya hiyo inamkemea msemaji. Msikilizaji hakuambiwa kwamba alichosikia ni uongo.

Msomaji wa Upanga

Nawashukuru sana nyote, na Binti wa Ilala, marahaba. Tofauti aliyoiweka Katekista kati ya toba na malipo itawasaidia wenzangu, kwa kuwa pande zetu mbili zilikuwa zinajibu maswali mawili tofauti bila kujua.

Kwa Binti naongeza kwamba Chaucer ameonyesha pia jinsi wasikilizaji walivyopokea. Muuza msamaha anamwita mwenye nyumba ya wageni awe wa kwanza kubusu masalia, kwa madai kwamba ndiye aliyezama zaidi katika dhambi, naye anajibiwa kwa matusi mazito hadi anakosa la kusema kwa hasira. Askari mwungwana anaingilia kati, anawaamuru wapatane, wanabusiana, na safari inaendelea. Amani imepatikana, lakini hakuna hata mmoja kati ya mahujaji aliyeuliza habari za watu wa vijijini waliokwisha kutozwa. Jambo hilo linanisumbua kuliko hila zenyewe.

Kwa hiyo katika kikao kijacho nitapendekeza tusome pamoja sehemu mbili zenye wajane. Mjane wa muuza msamaha anatajwa kwa maneno machache tu: ni maskini, ana watoto wenye njaa, anatoa alichonacho na hasemi neno. Mjane wa hadithi ya tarishi, ambayo Mwalimu ametusimulia, anahojiana na ofisa, anaomba amtume mtu wa kumwakilisha kwa kuwa ni mgonjwa, anakana shtaka, kisha anatoa laana ambayo hata shetani anaiheshimu kwa kuwa imekusudiwa, na ndani ya laana hiyo bado anamwachia mtu yule nafasi ya kutubu. Nataka tujadili kwa nini mshairi yule yule alimpa mmoja sauti na mwingine akamwacha kimya, na kama kimya hicho ni cha mjane mwenyewe au ni cha msimulizi ambaye hakuwahi kumwangalia usoni.